Simu yavuka mpaka Busia, Serikali yataka namba yake

Msomaji wa Mombasa ambaye hajapata kufika Malaba huenda akadhani kuwa mji ule haumhusu. Lakini na asimame Changamwe alfajiri, atazame malori yanavyotoka bandarini na kushika njia ya bara. Mengi ya makontena yale yaendayo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900, hufikia miji miwili midogo ya magharibi mwa Kenya: Malaba, na jirani yake wa kusini, Busia. Huko ndiko vijana wetu wengi wa Miritini na Mikindani wanakojifunza kula matoke, na kulala ndani ya gari wakingoja karatasi zao zipigwe muhuri.

Nilifika Malaba kwa basi la usiku, nikamkuta mzee mmoja dereva wa trela, mtu wa Mombasa, ameketi kivulini ubavuni mwa gari lake akinywa chai ya tangawizi aliyoipika mwenyewe. Juu ya kasha mbele yake zilikuwapo simu tatu, zimepangwa kama karata.

"Ami, simu tatu za nini?" nikamwuliza baada ya salamu.

"Hii ya huku, hii ya huko," akanijibu akizionyesha kwa kidole. "Na hii ndogo, mwanangu, ni ya nyumbani. Haimjui mtu ila mama watoto."

Tukaongea khabari za njia. Tulipofika kwenye habari za simu, akatia mkono mfuko wa shati akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kilikuwa na safu za tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Alisema aliziandika usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 2024, alipopata habari kwamba kila anayeingia Kenya atatakiwa kuzitaja simu zake mbele ya forodha.

"Mimi navuka mara mbili, mara tatu kwa mwezi," akasema. "Sasa kila nikirudi kwetu simu yangu ni mgeni?"

Swali la mzee huyu ndilo lililonileta Malaba.

TARAKIMU 15

Kila simu ya mkononi, iwe ya thamani kubwa au ile ya tochi, imetiwa kiwandani namba yake ya peke yake yenye tarakimu 15. Wenyewe huiita IMEI. Ukibonyeza *#06# itakutokea kiooni. Namba hii si ile unayowapa watu wakupigie. Ile ni ya laini, na laini waweza kuitoa ukaitupa baharini ukanunua nyingine. Hii ya tarakimu 15 ni ya chombo chenyewe. Kila mara simu inapoamka na kutafuta mnara, huuambia mnara ule: mimi ni fulani. Wewe huisikii ikisema, na hata ukilala inaendelea kusema.

Mwezi wa Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa tangazo, na mwanzoni mwa Novemba Mamlaka ya Mapato, KRA, ikatoa la kwake. Kuanzia Januari 1, 2025, waagizaji na waunganishaji wa simu walitakiwa kuziandikisha namba hizo kwa Serikali. Kampuni za simu zikatakiwa zisiunganishe chombo kipya mpaka zihakikishe kuwa kimelipiwa kodi. Na msafiri anayeingia nchini akatakiwa kuiandika namba ya simu yake katika Fomu F88, ile fomu ya kutangaza mizigo. Simu zilizokuwa zikitumika nchini kabla ya Novemba 2024, wakasema, hazitaguswa.

Katika uwanja wa ndege jambo hili lingeweza kupita kama usumbufu mmoja zaidi. Abiria wa ndege huja mara moja kwa mwaka na sanduku lake. Lakini Busia ni mji ambao mtu hunywa chai ya asubuhi Kenya, akauza mayai Uganda, akarudi Kenya kuswali adhuhuri. Wateso, Wasamia na ndugu zao wengine wa huku wana mashamba, wakwe na makaburi pande zote mbili. Hata lile neno "boda boda", ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima hadi Lamu kwenye punda wengi kuliko pikipiki, lilizaliwa kwenye mpaka huu katika miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwapakia wasafiri kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakinadi safari zao kwa jina la mpaka wenyewe kwa Kiingereza. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipofungua kituo cha pamoja hapo Busia, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na safari ile ya baiskeli imepungua umuhimu. Jina limebaki.

Simu nazo zimeuzoea mpaka huu kuliko maofisa wake. Ukisimama kwenye duka la Busia Kenya, chombo chako mara kinashika mnara wa huku, mara wa huko, na ujumbe wa kukukaribisha Uganda unakujia hali hujainua mguu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu si ya salamu tu. Ndiyo mkoba, ndiyo daftari la madeni, ndiyo benki ya mama muuza samaki. Sasa mtu akipewa uwezo wa kuamuru kwamba simu hii iunganishwe na ile isiunganishwe, amepewa uwezo wa kufunga mkoba wa mama yule. Na jambo hilo si la kufikirika. Mwaka 2012 Serikali ilizizima simu karibu milioni 1.9 kwa siku moja kwa kuwa zilikuwa za bandia. Huenda ilikuwa na haki. Lakini aliyezimiwa hakuwa yule aliyeziingiza nchini kwa makontena. Alikuwa mnunuzi wa mwisho, aliyedhani amenunua simu.

Nao wale wenye mizigo ya magendo, hawapiti kwenye fomu. Busia na Malaba zina njia za panya ambazo kila mtoto anazijua, za kupita kwa miguu, kwa pikipiki, na kwa kuvuka mto. Fomu F88 ingemkamata nani, basi? Mzee wangu wa trela, na mwanafunzi anayerudi likizo kutoka Kampala.

MTUNZI WA TAMTHILIA

Ni ajabu ya bahati kwamba mtu aliyeanza kulifikisha jambo hili mahakamani ni mwana wa Busia mwenyewe. Okiya Omtatah, ambaye mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Seneta wa kaunti hiyo, alikuwa amejulikana kwa miaka mingi Nairobi kama raia anayeishitaki Serikali bila kuchoka. Januari 2017 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu ikitaka kuunganisha chombo chake na mitambo yao, kiwe kinazitambua simu za bandia, za wizi na zisizo na kibali. Omtatah akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa kwamba mtambo ulio ndani ya njia ya mawasiliano, ukiwa mikononi mwa Serikali, hauna wa kuuzuia usione zaidi ya hayo unayosema unayatazama.

Kesi hiyo imepanda na kushuka. Aprili 2018 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliuzuia mtambo, akisema unaivunja faragha aliyopewa raia na Katiba. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, kwa maoni kuwa mambo yalikuwa bado katika mashauriano. Chama cha Mawakili kikapeleka rufaa Mahakama ya Juu, nayo Aprili 2023 ikaikataa. Halafu yakaja matangazo ya 2024. Taasisi ya kutetea Katiba, Katiba Institute, ikafungua kesi mpya. Na Julai 2025 Jaji Chacha Mwita akayabatilisha matangazo yote mawili. Alisema hayakuwa na msingi wa sheria na kwamba yaliingilia faragha ya watu.

Yaani mtu akikuuliza leo kama mahakama za Kenya zinaikubali au zinaikataa orodha ya simu, jibu la kweli ni kwamba inategemea ni mwaka gani, na orodha yenyewe imeletwa kwa mlango upi.

Wengi wanaomjua Omtatah kwa kesi hawajui kuwa ni mtunzi wa tamthilia. Moja ya tamthilia zake ni ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo. Kisa chenyewe ni cha kale. Lwanda alikuwa na mwili wa jiwe: mikuki ilimpiga ikapinda, mishale ikamwangukia miguuni. Maadui zake waliposhindwa kwa vita wakamwoza binti yao. Siku moja Lwanda akaugua, akamwambia mkewe huyo asimchanje mwilini maana wembe hautapita. Akichanje kivuli chake, dawa aitie hapo. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku akakimbilia kwao na habari hiyo. Katika vita iliyofuata hakuna aliyeulenga mwili; mkuki mmoja ulichomwa kwenye kivuli, na shujaa akaanguka.

Sina hakika kama mtunzi alikikumbuka kisa hicho alipokuwa akiandika hati zake za kesi. Mimi nilikikumbuka nilipokuwa Malaba, na sababu yake nitaieleza.

FUMBO NA KIVULI CHAKE

Watu wengi niliozungumza nao hawana wasiwasi. Wanasema: ujumbe wangu umefungwa, hausomeki. Ni kweli kwa kiasi chake. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufumbwa katika simu ya mtumaji na kufumbuliwa katika simu ya mpokeaji, wala kampuni yenyewe katikati haiwezi kuusoma. Signal hufanya vivyo hivyo. Ufundi wenyewe si mgeni kwa wazee wetu. Katika karne ya 9 huko Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika risala juu ya namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi ipi hujirudia zaidi. Na lile neno la Kiarabu lililotupa sisi "sifuri" ndilo lililowapa Wazungu neno lao la maandishi ya mafumbo. Lililo jipya ni kwamba zamani fumbo lilikuwa la wafalme na majemadari, na leo liko mfukoni mwa muuza mihogo.

Serikali za dunia hazijalipenda jambo hili. Mwaka 2016 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitaka kampuni ya Apple itengeneze programu ya kuifungulia simu ya mwuaji mmoja wa San Bernardino. Apple ikakataa, ikisema ufunguo wa simu moja ni ufunguo wa zote. Mwishowe FBI ikapata njia nyingine na kesi ikaachwa. Februari 2025, kwa Waingereza, Apple iliuondoa ule ulinzi wake mkubwa zaidi wa mambo yaliyohifadhiwa katika mitambo yake, baada ya habari kuenea kwamba serikali ya London imetaka ifunguliwe mlango wa nyuma.

Mabishano haya yote ni juu ya mwili wa Lwanda, lile jiwe. Kivuli ni kitu kingine. Barua zilizokuwa zikitoka Lamu kwenda Maskati zilipigwa lakiri. Aliyezibeba hakujua kilichomo, lakini alijua zimetoka kwa nani, zinakwenda kwa nani, na zimekuwa nyingi mwezi huu kuliko uliopita. Simu ni hivyohivyo. Maneno yamefumbwa, lakini mnara unajua kwamba chombo hiki cha tarakimu hizi kilikuwa Malaba saa tisa usiku, kikakaa saa nne karibu na chombo kile, kikawasiliana mara saba na cha tatu, kisha kikazimwa. Weka orodha inayosema chombo hiki ni cha fulani bin fulani, mwenye pasipoti hii, aliyevuka mpaka siku hii, na hapana haja tena ya kusoma ujumbe wake hata mmoja.

Ndiyo maana nasema mjadala wa Busia ni mzito kuliko unavyoonekana. Ulikuja umevaa nguo za kodi. Kodi ni haki ya Serikali, na simu za magendo ni nyingi. Hilo halina ubishi. Lakini fomu ile ingefanya kazi mbili kwa pamoja, nayo ya pili haikuandikwa juu yake.

Madereva wa trela wanalijua jambo hili kwa miili yao. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita, watu wakilala barabarani siku nyingi wakingoja majibu ya vipimo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa kuwafuata madereva: programu ndani ya simu, yenye cheti cha kipimo, ikionyesha dereva yuko wapi na amesimama wapi. Foleni ilikuwa ya mateso, na hakuna aliyekataa. Mzee wangu alisema aliikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa watu walikuwa wakifa. Kilichomtatiza ni kwamba hakuna aliyemwambia siku ya kuifuta.

YANAYOWAPASA WAPELELEZI

Sitaki msomaji adhani kuwa naichukulia Serikali kama jirani mbea. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mwezi wa Aprili 2015. Mpeketoni, mwaka uliotangulia, ni kwetu Pwani, na waliouawa walikuwa majirani zetu. Watu wawili waliopatikana na hatia mwaka 2020 kwa kuwasaidia washambuliaji wa Westgate walifungwa kwa ushahidi ambao sehemu yake ilikuwa mawasiliano yao ya simu. Anayesema dola isipewe njia yoyote ya kuufuata uhalifu hajapata kumzika mtu wake.

Tena hata ile orodha ya simu ina faida yake. Simu inayoporwa Nairobi leo aghalabu husafiri kwenda kuuzwa nchi jirani, na njia yake ni hiihii ya Busia na Malaba. Orodha inayosomwa pande zote mbili ingeweza kuizima kabla haijapata bwana mpya, ingawa fundi hodari huweza kuibadilisha namba yenyewe kama vile gari la wizi linavyopigwa namba nyingine.

Lakini sisi wa Pwani tuna kumbukumbu yetu na orodha. Mwezi wa Aprili 2015 mashirika mawili ya Mombasa ya kutetea haki, MUHURI na Haki Africa, yalijikuta katika orodha ya Serikali ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi. Akaunti zao za benki zikafungwa. Novemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaona hapana ushahidi wa kuwaunganisha na ugaidi, akaunti zikafunguliwa. Miezi saba ofisi zile ziliishi kwa kukopa. Walikuwa na mawakili, walikuwa na majina, magazeti yaliwaandika. Kijana wa Majengo ambaye namba yake imeingia kwenye orodha kwa kuwa alikaa foleni moja na mtu asiyemjua, nani atamfungulia kesi?

Na tangu katikati ya mwaka 2024 hofu hii imekwisha kuvuka Pwani ikaenea nchi nzima. Baada ya maandamano ya vijana ya mwezi wa Juni mwaka ule, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa hadi Desemba. Oktoba magazeti yakaandika kwamba polisi wanazipata kumbukumbu za simu bila kufuata njia ya sheria. Kampuni iliyotajwa, Safaricom, ikakanusha, ikasema haitoi kitu bila amri ya mahakama. Wasomaji na wapime wenyewe. Mimi nasema tu kwamba hilo ndilo swali, nalo halihusu ufundi: ni nani anayeulizwa kabla mlango haujafunguliwa?

Wazee wetu walilijua swali hilo kabla ya simu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, akizunguka Madina usiku kama ilivyokuwa desturi yake, alisikia sauti za anasa ndani ya nyumba, akapanda ukuta akaingia, akamkuta mtu na ulevi wake. Mtu yule hakukana. Alimjibu Khalifa kwamba yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, naye Umar kwa matatu: amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa, amepita ukutani, na nyumba huingiwa kwa mlango, tena ameingia bila kubisha wala kutoa salamu. Umar akamwachia. Kosa la mlevi halikugeuka kuwa halali kwa sababu ya ukuta. Lakini ukuta haukugeuka kuwa mlango kwa sababu ya kosa la mlevi.

SIMU IKIWA MKONONI MWA MWINGINE

Kuna jambo moja zaidi ambalo wapenda mafumbo hulisahau. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, wakishukiwa kuhusika na filamu ya BBC juu ya waliouawa katika maandamano. Simu zao zikachukuliwa, zikakaa na polisi hadi Julai. Ziliporudishwa, wataalamu wa Citizen Lab, taasisi ya Chuo Kikuu cha Toronto, walizichunguza, wakatangaza Septemba kwamba katika baadhi yake ilikuwa imetiwa programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY, nayo ilitiwa wakati simu zikiwa kizuizini. Programu ya namna hiyo haina haja ya kuvunja fumbo. Inasoma kiooni pamoja nawe, fumbo likiwa limekwisha kufumbuliwa.

Sasa fikiria mpaka. Mpakani ndipo mahali ambapo mtu huombwa vitu vyake na kuvitoa bila kuuliza. Pasipoti, mzigo, mifuko. Na simu ikiombwa, wangapi watauliza "kwa amri ya nani"? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu asipekuliwe, vitu vyake visitwaliwe, mambo ya nyumbani mwake yasitakiwe bila ya haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki hizo zipunguzwe, lakini kwa sheria iliyo wazi na kwa kiasi kinachofaa. Ng'ambo ya geti, Uganda ina sheria yake ya mwaka 2010 ya kuingilia mawasiliano, na wakati wa uchaguzi huzima intaneti yote: ilifanya hivyo Januari 2021, ikarudia Januari 2026. Siku kama hizo mwenye laini ya Kenya karibu na mpaka huwa na marafiki wengi.

Na tujue pia kwamba serikali hizi mbili zimekwisha kuonyesha kuwa watu huweza kuvushwa bila fomu. Novemba 2024 mwanasiasa wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Oktoba 2025 Wakenya wawili wanaharakati, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walikamatwa Uganda. Wakaachiliwa baada ya siku 38, wakarudi kwao kwa njia ya Busia. Orodha ya simu ikiwa mikononi mwa nchi moja, katika ujirani wa namna hii, itakaa mikononi mwa nchi moja kwa muda gani?

Nilimweleza mzee wangu juu ya hukumu ya Julai 2025. Alikuwa hajaisikia, matangazo ya kuamuru huwafikia watu kwa redio siku ileile, ya kufuta hufika kwa miguu. Akaitazama karatasi yake yenye tarakimu, akaikunja tena mara nne.

"Basi niitupe?" akaniuliza.

Nikamwambia kuwa kwa sasa haihitajiki. Akafikiri kidogo, akairudisha mfukoni. Mbele yetu trela la kwanza katika foleni liliwaka moto, moshi ukatanda, na madereva wakaanza kukunja mikeka yao. Mzee akachukua simu mbili akazitia kwenye kibweta cha gari. Ile ndogo ya nyumbani aliizima kabisa, akatoa betri yake, akaviweka kimoja mfuko huu na kingine mfuko ule, kisha akaniaga na kupanda.